Masika, hema, na swali la bibi wa dagaa

Saa kumi alfajiri radi ilipiga upande wa Bwiru, hapa Mwanza, umeme ukakatika, nikaamka kwenda kulitazama hema. Nimelitundika koridoni, kutoka mlango wa sebule hadi wa jikoni, kwa sababu nje haliwezi kukauka. Tangu Machi, kila nikilianika barazani mvua inalikuta pale pale. Nikapapasa mishono yake gizani, bado mibichi. Kwenye kona ya sakafu yake palikuwa na mchanga uliogoma kutoka, na ndani ya mchanga ule magamba ya dagaa, makavu, yakaninata kidoleni.

Yalitoka mwaloni, pale wavuvi wa Ziwa Victoria wanapoegesha mitumbwi na kuanika samaki, Februari. Siku ile nilirudi na swali pia, na wiki zote hizi za mvua limekaa nami humu ndani.

## Swali lenyewe

Tulikuwa tumelala kwenye mwalo mmoja upande wa Kayenze, mimi na wenzangu wawili. Asubuhi na mapema nikamkuta bibi mmoja akitandaza dagaa kwenye kichanja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyoosha mgongo, akaliangalia hema letu pale chini ya mwembe.

"Mmelala humo?"

"Ndiyo, bibi."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Kwenu hakuna nyumba, mjukuu wangu?"

Hakuwa ananitania. Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, ya mtu anayetaka kujua kama nimefukuzwa, kama kuna msiba, kama nimekula. Nikamwambia nyumba ninayo, nimekuja kupumzika tu. Akalirudia neno langu polepole, "kupumzika," kisha akawainamia dagaa wake. Baada ya muda akamtuma mtoto atuletee uji.

Ulikuwa uji wa muhogo, mzito, wa moto. Tuliumaliza wote.

Na jibu nililompa lilianza kuniudhi kabla sijarudisha kikombe.

## Hatua chache kutoka hemani

Ukisimama mlangoni pa hema letu siku ile, ungeona vibanda vya wavuvi kuelekea majini: miti, matete, nailoni nyeusi, mabati yaliyokwisha kutumika mahali pengine. Vijana wanalala humo miezi na miezi. Mmoja alitoka Kome, mwingine Ukara, mwingine mkoa ambao hauna hata bwawa. Nailoni ile ikivuja, hawana sebule ya kukimbilia wala koridoni pa kuanikia.

Mimi nilikwenda pale kwa hiari yangu, na tochi ya kichwani, na godoro la kujaza upepo. Kitu ambacho jirani yangu anakivumilia, mimi nimekilipia nauli nikakiita starehe.

Wenzangu hawakuliona hivyo. "Wao wako kazini, sisi tuko mapumzikoni, ubaya uko wapi?" Hoja hiyo ina uzito. Mlinzi wa usiku hamkasirikii mtu anayekwenda ufukweni kuota moto. Na hatukuvamia: tangu mwanzo tumekuwa tukipiga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, tukionyeshwa mahali ambapo hatutazuia vichanja wala njia ya mitumbwi.

Hata hivyo, kwa siku nyingi nilikuwa nimekwisha kuamua. Mialoni basi. Nitapiga kambi kwenye hifadhi peke yake, unalipa getini, unaonyeshwa eneo lako, na hakuna jirani anayelala chini ya nailoni.

Kilichoniharibia uamuzi huo ni kuikumbuka vizuri Rubondo, kisiwa cha hifadhi humu humu ziwani.

## Rubondo

Tulikwenda Septemba. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa Juni 19, 2025, na mtu wa Mwanza hahitaji kusimuliwa foleni ya kivuko. Kilomita 3 juu ya maji, tukavuka huku tunazungumza. Geita, Chato, Muganza, kisha boti kutoka Kasenda.

Sijalala vizuri mahali pengine mwaka mzima kuliko pale. Jioni nzohe, swala wa majimaji, walitoka kwenye matete, taratibu, wakiinua kwato zao ndefu. Furukombe, tai wala samaki, waliitana kutoka mti hadi mti mpaka giza likaingia. Askari wa hifadhi alitupa sharti moja: zipu isifunguliwe hadi kuche. Usiku tukaelewa kwa nini, maana kiboko alikuja kula majani karibu na hema, na mlio wa majani yakikatwa na midomo ile mipana ulikuwa karibu kiasi kwamba nilijua anageukia upande gani.

Kesho yake tulizungumza sana na askari wale kuhusu sokwe. Kisiwani sokwe hawakuwepo. Kati ya 1966 na 1969 Shirika la Wanyama la Frankfurt, lililoongozwa na Bernhard Grzimek, lilileta sokwe 17 kutoka Ulaya, wanyama waliokuwa wamefugwa katika bustani za wanyama na sarakasi. Wakafunguliwa. Hawakuwa na mzee wa kuwafundisha msitu, lakini walijenga viota, wakajua matunda, wakazaana. Tembo na twiga nao waliletwa. Na kabla ya hayo, kisiwani walikuwepo Wazinza, wavuvi na wakulima, ambao walihamishwa miaka hiyo hiyo ya 1960. Mwaka 1977 Rubondo ikawa Hifadhi ya Taifa.

Waliokuwepo walitolewa, wasiokuwepo wakaletwa.

Sisemi ilikuwa vibaya. Maji yale yanayolindwa ni mahali pa sato na sangara kuzaliana, na msitu ule umesimama wakati visiwa vingi vya jirani vimebaki majani na mawe. Ninafurahi kwamba upo. Ninachosema ni kwamba utulivu niliokwenda kuutafuta kule, nikidhani ni wa asili, watu waliupanga.

Kwa hiyo kule nako nililala mahali palipokuwa pa watu. Tofauti ni kwamba hapakuwa na bibi wa kuniuliza.

Ndipo niliacha kufikiri kwamba hifadhi ingenipa dhamiri safi. Nitarudi Rubondo, nikijaliwa, kwa sababu ya nzohe na kiboko yule, lakini si kwa kulikimbia swali.

## Safari nyingine, kwa ufupi

Juni tulilala juu ya majabali ya Igombe. Hakuna kigingi kinachoingia kwenye jiwe lile, kamba zote tulizifunga kwenye mawe. Mawe haya ya Mwanza yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ziwa lililo chini yake lilikauka kabisa na kujaa upya katika miaka 15,000 hivi iliyopita. Jiwe linatunza joto la jua. Hadi saa sita usiku mgongo wangu ulikuwa unalihisi, na pimbi walikuwa wakigombana kwenye nyufa.

Agosti ilikuwa vumbi na upepo, sina la kuongeza.

Wakati wa vuli tulijifunza udongo, jambo ambalo mkulima yeyote wa Usukumani angetuambia bure. Luseni, ule mchanga mweupe wa karibu na vilima, unakunywa mvua na asubuhi unatembea juu yake. Mbuga, ule mweusi wa bondeni, ukilowa unalishika hema, viatu na gari vyote pamoja.

Novemba, Kageye, kwenye Ghuba ya Speke. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipofika mwishoni mwa Februari 1875, na mwanzoni mwa Machi akaingiza majini mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani ya Bagamoyo. Akalizunguka ziwa, akarudi Mei. Simulizi zinamfuata yeye. Lakini msafara wake ulikuwa na watu wengi zaidi ya wale wachache waliopanda mashua. Wapagazi na walinzi, wengi wao Waswahili wa Unguja na Mrima, pwani ya bara, walibaki Kageye wakisubiri, Machi, Aprili, Mei. Masika nzima. Mwingereza kijana Frederick Barker, mmoja wa wasaidizi wa Stanley, alifia hapo hapo kambini Aprili.

Nikisikia mvua juu ya mabati saa hizi, ninawafikiria wale waliobaki zaidi kuliko yeye aliyezunguka. Walibeba mashua mabegani kutoka baharini hadi hapa, kisha wakaambiwa wakae.

## Mbalamwezi na giza

Nusu ya kwanza ya mwaka tulipanga safari zetu kwa mbalamwezi. Tuliona ni jambo la wazi kabisa: unaona njia, unaona maji, picha zinatoka vizuri. Na kila mara tulirudi mjini tukisimulia jinsi ziwa linavyokuwa kimya usiku.

Mvuvi mmoja ndiye aliyetufungua macho. Alikuwa anashona wavu mchana, nikamuuliza kwa nini mitumbwi yote iko juu ya mchanga.

"Si mbalamwezi hii?"

Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani karabai, sasa nyingi ni taa za sola, zinaelea juu ya maji, dagaa wanaifuata nuru, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwaka ziwa zima lina nuru na taa haimvuti samaki. Kwa hiyo siku za mwezi mkubwa wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakwenda kuwaona watoto. Sisi tulikuwa tunalitembelea ziwa kila mara siku zake za mapumziko, tukidhani ndiyo tabia yake.

Januari tukaenda giza.

Nimezaliwa Mwanza. Ziwa nimeliona kila siku ya maisha yangu, kutoka kilima cha Bugando, kutoka daladala ya Nyegezi, kutoka dirisha la darasa. Sikuwahi kuona hiki. Taa zilianza moja moja baada ya saa moja jioni, na ilipofika saa nne zilikuwa zimejipanga kutoka kushoto hadi kulia, mbali hadi huwezi kutenganisha ipi ni taa na ipi ni nyota ya chini. Sauti zilikuja juu ya maji, waziwazi, mtu akiita, mwingine akijibu, mwingine akiimba. Karibu na kupambazuka zikaanza kurudi. Wanawake walikuwa tayari wamesimama ufukweni na ndoo na beseni, wengine wakiwa na watoto mgongoni, wakijadili bei kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Yote hayo yanakwisha kabla basi la kwanza kutoka mjini halijafika.

Giza lina wageni wake pia. Siku chache baada ya mwezi kuandama, vijidudu vya ziwa huibuka kutoka majini kwa mamilioni na kupanda angani, na kwa mbali mtu asiyevijua hudhani kuna kisiwa kinaungua. Viliingia hemani, vikaingia kwenye sufuria, tukala michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, gizani bila kuwasha tochi. Nisingebadilisha usiku ule kwa wowote wa mbalamwezi.

Na mvua nayo ni ya usiku. Mchana nchi kavu inashika joto upesi, upepo unatoka ziwani kuja kwetu, na mawingu yanajijenga bara. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, pepo kutoka pande zote zinakutana juu ya maji, na hewa yenye unyevu inapanda juu. Ndiyo maana radi za ziwani hupenda usiku wa manane na alfajiri. Ni saa zile zile ambazo mitumbwi ya dagaa iko mbali na nchi kavu.

Radi ya Bwiru iliyoniamsha wiki hii, miaka ya nyuma ningegeukia upande wa pili nikalala. Sasa nikisikia ile ya saa kumi ninahesabu mwezi. Kama ni giza, najua wako wapi.

## Ningemjibu nini

Hapa ndipo nimekwama na hapa ndipo nimefika.

"Kupumzika" lilikuwa jibu baya kwa sababu halikuwa kweli. Hakuna aliyepumzika usiku ule. Tulikesha. Nilitoka hemani mara kwa mara kutazama taa, nikasikia mtumbwi wa kwanza ukirudi, nikaamka.

Jibu la kweli lingekuwa hili: bibi, nyumba ninayo, lakini nyumba yangu inanipa ziwa la mchana tu. Usiku wenu siupati kwetu. Nimeishi miaka yote hii mjini, nikila dagaa wenu, bila kujua wanatoka saa ngapi wala kwa giza lipi, na nimekuja kuuona.

Najua hata jibu hili lina udhaifu. Kuona hakumsaidii mtu kuvuta wavu. Bibi yule angeweza kuniuliza, baada ya kuona, iweje? Na ningemwambia vitu vidogo: kwamba pale Mwaloni Kirumba sibishani bei tena kama nilivyokuwa nikibishana, kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa na dagaa wamepanda sishangai, kwamba nikisikia mtu wa mjini akisema wavuvi ni wavivu kwa sababu amewakuta wamelala saa nne asubuhi, simwachii. Labda angesema hayo si sababu ya kulala chini ya mwembe. Labda angekuwa sahihi.

Lakini siachi kwenda. Niliwaza sana juu ya kuacha, na wazo hilo limekwisha.

## Mama

Asubuhi ile ya radi mama alinikuta koridoni na hema mikononi. Nikamsimulia habari ya bibi. Akasema, "Amekuuliza vizuri." Kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni, akauliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza mwaka mzima: huko usiku kukoje?

Mama ni mtu wa ng'ambo, upande wa Sengerema. Alikua akisikia ziwa usiku. Lakini tangu Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, hajapanda chombo chochote cha majini, hata kivuko cha Busisi. Rafiki yake wa karibu alikuwemo. Kwenye misiba ya kwao mama alizunguka nchi kavu, Shinyanga, Kahama, Geita, siku nzima barabarani, na kulikuwa na misiba aliyoikosa. Hatukumlazimisha. Huwezi kumlazimisha mtu ambaye amesimama kwenye makaburi ya Igoma, walikozikwa waliozama na meli ile.

Nikamsimulia taa. Nikamsimulia wanawake na beseni zao. Akanisahihisha mambo mawili kuhusu jinsi wavu unavyofungwa, akanyamaza, akasema masika ikiisha nimpeleke kwao, alale karibu na maji.

Ana masharti, na ameyataja kwa mpangilio. Halali chini, atafutiwe kitanda. Matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, atatayarisha mwenyewe kwa sababu ya dukani si matobolwa. Tusiende giza. Nilipomweleza uzuri wa giza alitikisa kichwa: giza watu wako kazini, anataka kuwakuta nyumbani, kuna wazee wa kuwaamkia na watoto ambao hajawaona. Mbalamwezi ya Juni inaangukia mwishoni kabisa mwa mwezi, kwa hiyo ndiyo tarehe.

Na tuvuke mchana. Darajani nisisimamishe gari hata kidogo, amesema, atayatazama maji tukiwa tunakwenda.